Ng'ombe hasemi, treni haisimami: shida za programu za kuchekesha za teminali na namna ya kuzitatua

Tukubaliane kwanza, programu hizi za teminali (lile dirisha la kuandikia amri) hazina kazi yoyote ya maana. cowsay inachora ng'ombe anayeongea, sl inapitisha treni kwenye skrini, cmatrix inamwaga herufi za kijani kama mvua, lolcat inapaka maandishi rangi za upinde wa mvua, fortune inakutupia msemo wowote tu uliokuja. Ila zikigoma zinaudhi kuliko hata databesi iliyolala, maana unabaki unajiuliza kama ng'ombe tu amenishinda kazi yenyewe nitaiweza? Hapa nimekusanya shida zinazojirudia, zile ambazo karibu kila anayeanza lazima azigonge, nimezipanga kwa kile unachokiona kwenye skrini, na kila moja naanza na chanzo kinachotokea sana halafu nashuka mpaka vile vya nadra.

Mifano mingi ni ya Debian na Ubuntu (Ubuntu iliyo ndani ya WSL, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows, ni ile ile). Ukiwa Fedora weka dnf badala ya apt, Arch ni pacman -S, macOS ni brew install, Termux ya kwenye simu ni pkg install, yanayobaki yanafanana sana.

Kitu kimoja kabla ya yote: sudo (amri ya kuazima nguvu za root, mkuu wa mfumo) humu ni ya kuinstoli tu, basi. Ukikuta maelekezo yanakwambia uendeshe mchezo kwa sudo, ishia hapo hapo. Ng'ombe hahitaji nguvu za root kuongea.

## "command not found"

Hii ndo mama yao.

Chanzo namba moja, hujainstoli, au ulidhani umeinstoli. Anza na `sudo apt update`, kisha `sudo apt install cowsay sl cmatrix figlet lolcat fortune-mod`. Watu wanaruka hiyo update, hasa kwenye mashine mpya au kontena, wanapata "Unable to locate package" wanadhani programu imefutwa duniani, kumbe orodha ya paketi ndo imechakaa au haijawahi kushushwa kabisa. Ukishafanya update na bado inagoma na uko Ubuntu, basi ghala la universe limezimwa, na vitu vingi vya aina hii vinakaa humo. `sudo add-apt-repository universe`, update tena, jaribu tena. Walio kwenye Rocky au AlmaLinux wawashe kwanza ghala la ziada linaloitwa EPEL.

Chanzo cha pili, jina la paketi na jina la amri ni vitu viwili. fortune inakuja na fortune-mod, ule moto unaowaka kwenye skrini (aafire) uko ndani ya libaa-bin, rain na worm ziko bsdgames. Na kama unahangaika na neofetch kwenye mfumo mpya, mwenye nayo aliufunga mradi mwaka 2024 kwahiyo sehemu nyingine imeshaondolewa, tumia fastfetch, inaleta picha ile ile na ni nyepesi zaidi.

Cha tatu ndo kinachokula muda wa watu. Umeinstoli, apt imekubali, hakuna kosa lolote, unaandika cowsay unaambiwa haipo. Debian na Ubuntu wanaweka cowsay, sl, fortune na lolcat kwenye folda inaitwa /usr/games, sio /usr/bin. Sasa kama PATH yako (orodha ya folda ambamo sheli, yaani programu inayosoma unachoandika, inatafuta amri) haina hiyo folda, sheli haitaziona hata ungelia. Hakikisha hivi: `ls /usr/games`, ukiziona zimekaa humo basi piga `echo $PATH` uone kama /usr/games imetajwa. Haipo? Fungua ~/.bashrc (faili ambalo sheli inalisoma kila inapoanza) ongeza mwishoni

`export PATH="$PATH:/usr/games"`

halafu fungua teminali mpya. Hapo usisahau lile $PATH la ndani, tafadhali, maana ukiandika /usr/games peke yake amri zote zingine zinapotea, ls haipo, nano haipo, unabaki na ng'ombe tu. Ikishakukuta usipanik, iite nano kwa njia kamili, `/usr/bin/nano ~/.bashrc`, urekebishe.

Chanzo hicho hicho ndo kinafanya `sudo cowsay` isifanye kazi wakati `cowsay` inafanya. sudo ina PATH yake yenyewe na kwenye Debian haina /usr/games. Na cron (inayoendesha amri kwa ratiba) pia ina PATH fupi sana, kwahiyo kama umeweka ng'ombe akusalimie kila asubuhi kupitia cron, andika njia nzima /usr/games/cowsay.

Cha mwisho ni cha nadra ila kinachekesha. Ndani ya PowerShell ukiandika sl huoni treni wala huoni kosa. PowerShell tayari ina sl yake, ni jina la mkato la Set-Location, yaani kuhama folda. Ingia WSL kwanza.

Simama hapa: ukiona "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend" usiende kufuta hilo faili la kufuli kama utakavyoshauriwa na watu wenye haraka. Mara nyingi ni mfumo wenyewe unajiapdeti kwa nyuma, subiri dakika kadhaa. Ukifuta kufuli katikati ya instolesheni unaweza kuvuruga hifadhi ya paketi zote. Na kama apt inalalamika kuhusu paketi zilizovunjika na mashine ni ya ofisi, mwite anayesimamia mashine hizo, usiendelee kubahatisha kwa ajili ya treni.

## Imeganda, haifanyi kitu

Nusu ya "imeganda" zote sio kuganda. Programu inakusubiri wewe.

Ukiandika `cowsay` peke yake ukabonyeza Enter, kishale kinakaa kinakonyeza tu. Haijafa, inangoja uandike maneno. Andika, bonyeza Enter, halafu Ctrl+D kwenye mstari mtupu, ng'ombe atatokea. figlet (ile ya maandishi makubwa) ni hivyo hivyo, lolcat, rev, zote zinazosoma kutoka kwenye paipu (alama ya |, inayopeleka maandishi ya programu moja kwa nyingine) zina tabia hii. Ukitaka kuachana nayo Ctrl+C.

Sasa hii inayofuata inatuhusu sisi waandika Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Unaandika

`cowsay Ng'ombe wa kwanza`

unabonyeza Enter, inakuja alama ya `>` peke yake, unabonyeza tena inakuja nyingine, unabonyeza tena nyingine. Kosa ni kile kijialama cha juu kwenye ng'. Sheli inakiona kama umefungua nukuu na haujaifunga, kwahiyo inasubiri uifunge. Ctrl+C itoke, halafu zungushia sentensi nzima nukuu mbili:

`cowsay "Ng'ombe wa kwanza"`

Yaani neno ng'ombe lenyewe ndo linamziba mdomo ng'ombe, sijui nani alipanga hii. Ila nukuu mbili nazo zina mtego wao, alama ya mshangao. Bash ikiona ! imegusana na herufi mbele yake inatafuta amri ya zamani kwenye historia, unapata "event not found", na ukiandika !! mbili pamoja inabandika amri yako iliyopita ndani ya maneno ya ng'ombe. Hapo ama uzime kabisa kwa `set +H`, ama upitishe maneno kwa njia ya cowsay bila hoja yoyote kama nilivyosema juu, humo andika unachotaka, nukuu, mishangao, chochote, sheli haigusi.

Kama haikuwa kusubiri wala nukuu, na skrini imesimama kabisa hata ukiandika huoni herufi, jaribu Ctrl+Q. Kuna uwezekano mkubwa ulibonyeza Ctrl+S bila kujua (mkono umezoea kusevu faili), na kwenye teminali Ctrl+S maana yake "simamisha kuonyesha". Ctrl+Q inaachia, na kila ulichokuwa unaandika kwa hasira kitamwagika chote kwa pamoja, kwahiyo kumbuka uliandika nini.

Kama uko kwenye seva ya mbali kupitia SSH na umewasha cmatrix au lolcat -a, mtandao nao unaweza kuwa umezidiwa. Herufi zinazalishwa haraka kuliko zinavyofika kwako, ukibonyeza Ctrl+C inapokelewa ila unaendelea kuona mvua mpaka ile iliyokuwa njiani iishe. Subiri. Wakati mwingine tumia `cmatrix -u 9` inayokwenda polepole.

## Treni ya sl haisimami na Ctrl+C

Hapo hakuna kilichoharibika, imetengenezwa makusudi. sl aliiandika Toyoda Masashi wa Japani miaka ya 1990 kama adhabu ndogo kwa mtu anayekosea kuandika ls, na adhabu yenyewe ni kwamba lazima uitazame treni mpaka ipite. Ctrl+C inapuuzwa. Kwenye toleo la Debian na Ubuntu kuna `sl -e` inayoruhusu kukatizwa, na `sl -l` inaleta treni ndogo, `sl -F` inaruka.

Kama umechoka kweli fungua teminali nyingine upige `pkill -x sl`. Hiyo -x usiiache. `pkill sl` bila -x inaua kila programu ambayo jina lake lina herufi hizo mbili mfululizo, na moja wapo ni sleep, ambayo skripti nyingi zinaitegemea. Unaua treni unaua na kazi yako ya usiku.

Shida halisi ya sl inakuja pale mtu anapoweka `alias ls=sl` kwenye mashine ya mwenzake kumtania. Ukiona kila ukiandika ls inapita treni, piga `type ls` utaona kama ni jina la mkato, halafu `unalias ls`. Likirudi ukifungua teminali mpya basi liko kwenye ~/.bashrc au ~/.bash_aliases, litafute kwa `grep -n sl ~/.bashrc ~/.bash_aliases`. Kwa mashine yako na ya rafiki yako sawa. Kwenye seva inayohudumia watu usiufanye huo utani, kuna siku mtu atakuwa anahitaji ls kwa haraka ya kweli.

## Umetoka kwenye programu, teminali imechafuka

Dalili zake ni nyingi: kishale kimepotea, unachoandika hakionekani, mistari inashuka kama ngazi, rangi imebaki ya kijani, au herufi zote zimegeuka alama za ajabu.

Chanzo cha kawaida ni programu iliyouawa kabla haijasafisha. cmatrix, asciiquarium (samaki wanaoogelea kwenye skrini) na wenzao wanabadilisha mpangilio wa teminali wakianza na kuurudisha wakitoka vizuri (kwa q). Ukiwaua kwa nguvu au SSH ikikatika katikati, hawapati nafasi ya kurudisha.

Kama ni kishale tu, `tput cnorm`. Kama maandishi hayaonekani, andika `stty sane` bila kuona, amini vidole vyako, Enter. Kama ni fujo nzima, `reset`, nayo unaweza kuiandika kipofu. Enter yenyewe ikikataa tumia Ctrl+J: Ctrl+J, reset, Ctrl+J. Hiyo ya herufi kugeuka alama mara nyingi inatokana na kufanya cat kwenye faili ambalo sio la maandishi, picha kwa mfano, na reset inaitibu pia.

Ikishindikana funga dirisha ufungue jingine. Haya mambo yanaishia kwenye dirisha, hayagusi mafaili yako, kwahiyo hakuna sababu ya kumwita fundi wala kuwasha upya komputa.

## Rangi hazitoki

Umeandika `fortune | lolcat | cowsay` na ng'ombe katoka mweupe. Mpangilio ndo kosa. lolcat ikigundua kuwa haiandiki moja kwa moja kwenye skrini inaacha rangi, kwahiyo iweke mwisho: `fortune | cowsay | lolcat`. Ipo `lolcat -f` ya kulazimisha, ila ukiipeleka kwa cowsay utapata kiputo kilichopinda, maana cowsay inahesabu na zile alama za rangi kama herufi.

Kama lolcat iko mwisho na bado, piga `tput colors`. Ikisema 256 teminali iko sawa. Ikisema 8 au -1 basi TERM (jina la aina ya teminali yako) imewekwa vibaya, jaribu `export TERM=xterm-256color`. Ndani ya tmux (programu ya kuweka teminali nyingi ndani ya moja) usiweke hiyo kwa mkono, weka kwenye ~/.tmux.conf mstari `set -g default-terminal "tmux-256color"` uanzishe tmux upya.

Ndugu yake ni hili kosa: "Error opening terminal: xterm-kitty" au jina jingine hapo mwisho. Linatokea ukiwa kwenye seva ya mbali ambayo haiijui aina ya teminali yako. Dawa ya haraka `TERM=xterm-256color cmatrix`, dawa ya kudumu ni kuinstoli kitty-terminfo kwenye seva hiyo (kwa teminali nyingine nyingi ni ncurses-term) kama una ruhusa.

## Vibox vitupu, alama za kuuliza, au qqqq na xxxx kwenye kingo

Angalia `locale` (mpangilio wa lugha na herufi). Ukikuta LANG ni C au POSIX, au tupu, hiyo ndo sababu, hasa kwenye kontena. `export LANG=C.UTF-8`. Kama LC_ALL imewekwa kitu kingine itaifunika LANG, ifute kwa `unset LC_ALL`.

locale iko sawa lakini bado vibox? Ni fonti. `cmatrix -c` inatumia herufi za Kijapani, kama fonti yako haina utaona vibox vinanyesha (kusema kweli navyo vinapendeza). Instoli fonts-noto-cjk, kwenye komputa unayoitazamia wewe na sio kwenye seva, hapo watu wengi wanakosea.

Ukiona q na x pale penye mistari ya box, hasa kwa PuTTY, piga `export NCURSES_NO_UTF8_ACS=1` kabla ya kuwasha programu.

## Maandishi makubwa yamekatika, ng'ombe kapinda

figlet ipo toka 1991 na bado inadhani skrini ina upana wa safu 80. Maneno marefu inayakata yakashuka mstari wa chini. `figlet -t` inatumia upana wa dirisha lako halisi, au taja mwenyewe `figlet -w 150`. Ukiambiwa haiwezi kufungua faili la fonti, umeandika jina la fonti ambayo haipo, piga `showfigfonts` uone zilizopo.

Kuweka maandishi ya figlet ndani ya kiputo cha ng'ombe kila mtu anajaribu na kila mtu anapata takataka. cowsay inakunja mistari ikifika herufi 40 na inabana nafasi, inaua mchoro. Mwambie asikunje: `figlet Mambo | cowsay -n`. Hiyo -n inafanya kazi na maandishi yanayokuja kwa paipu tu.

## fortune inasema "No fortunes found"

Injini ipo, misemo haipo. `sudo apt install fortunes-min`, au fortunes kwa mkusanyiko mkubwa.

Ila kizuri zaidi ni kutengeneza yako. Andika methali kwenye faili la kawaida, kati ya methali na methali weka mstari wenye alama ya % peke yake, halafu `strfile methali`, itazaa faili methali.dat. Sasa `fortune ./methali | cowsay`. Ikianza kutoa methali iliyokatwa katikati au mbili zimegandana ni kwamba umeongeza methali mpya ukasahau kurudia strfile, ile .dat inashikilia mahali kila methali inapoanza, na mahali pameshahama. Na hakikisha mstari wa % hauna nafasi iliyojificha mbele yake wala nyuma.

## Samaki wa asciiquarium: "Can't locate Term/Animation.pm"

Imeandikwa kwa Perl na inataka moduli mbili, Curses na Term::Animation. Ya kwanza chukua kwa `sudo apt install libcurses-perl`, ya pili `cpan Term::Animation` kwa akaunti yako ya kawaida. cpan ikikuuliza kuhusu local::lib kubali, itaweka kila kitu kwenye folda yako ya perl5, kisha fungua teminali mpya la sivyo utaendelea kuona kosa lile lile. Kama cpan inajaribu kujenga Curses yenyewe na inaanguka na mlolongo wa makosa ya C, unakosa libncurses-dev. Kama hata hapo imegoma, mimi ningeacha. Usianze kubadilisha Perl ya mfumo, zana nyingi za Debian zinaitegemea hiyo hiyo.

## Ya sauti na ya mtandao, haraka haraka

espeak-ng inajua Kiswahili, `espeak-ng -v sw "Ng'ombe amekula kodi yangu"`, lafudhi yake ni ya roboti aliyejifunzia kwenye kitabu. Husikii kitu? Angalia sauti haijazimwa, kisha jiulize uko wapi, maana ukiiita kupitia SSH sauti inatokea kwenye spika za mashine ya mbali. Unaweza kuwa umemsalimia mtu asiyekujua.

`curl wttr.in` inachora hali ya hewa. Ikileta mji usio wako ni kwamba inakisia kwa anwani yako ya intaneti, na VPN au seva inaidanganya, taja mji mwenyewe kama `curl wttr.in/London`. Ukiona "Could not resolve host" ni DNS au huna mtandao, ukiona muda umeisha jaribu baadaye, hiyo iko upande wa pili na hakuna cha kutengeneza kwako.

xeyes (macho yanayofuata kipanya) ikisema "Can't open display" haina skrini ya kuchorea, haiwezi kutokea ndani ya SSH ya kawaida. Na macho yakiwa yanafuata kipanya sehemu fulani tu za skrini, uko Wayland (mfumo mpya wa kuchora madirisha, X ni ule wa zamani), xeyes inaona madirisha ya X peke yake.

## Feni inalia, betri inaisha, diski imejaa

Piga `top`. Mara nyingi utaikuta cmatrix au lolcat uliyoiacha kwenye tmux toka jana. q, au `pkill -x cmatrix`.

yes ni hatari zaidi ya inavyoonekana. Kazi yake ni kuandika y bila kukoma, kwenye skrini ni utani, ila mtu akiandika `yes > faili` inaandika diski mpaka ijae, na inakwenda kasi sana. Ukikutana nalo fuata utaratibu huu: kwanza `pkill -x yes`, halafu ndo ufute faili, halafu `df -h` uone nafasi imerudi. Ukifuta faili kwanza huku yes bado iko hai, nafasi hairudi, mfumo unaishikilia mpaka programu ife, na sasa hata faili hulioni.

Hapa ndo pa kusimama na kumwita anayejua:

Diski ya seva imejaa asilimia 100, kuna databesi juu yake, na hujui ni faili gani limejaza. Usianze kufuta futa /var.

Umebandika mstari wa "utani" uliojaa mabano, nukta mbili, paipu na alama ya &, na mashine imekufa ganzi. Hiyo ni bomu la kuzaliana, linajizalisha mpaka mashine ikose pumzi. Kwenye komputa yako izime uiwashe upya, kawaida inaishia hapo. Kwenye seva ya watu mpigie admini sasa hivi, na mwambie ukweli ulibandika nini, itamwokolea muda.

Umeendesha skripti ya mtu usiyemjua kwa `curl ... | sudo bash`. Kama ni mashine ya kazi toa taarifa hata kama hakuna kilichotokea, hasa kama hakuna kilichotokea. Wakati mwingine ishushe kwanza kama faili, isome kwa less, ukikutana na rm, dd au maandishi yaliyovurugwa yasiyosomeka, achana nayo.

## Umeweka ng'ombe kwenye .bashrc, sasa vitu vingine vimevunjika

Zana za kuhamisha mafaili zimegoma: rsync inalalamika "protocol version mismatch -- is your shell clean?", sftp inasema "Received message too long". Jana vilikuwa vinafanya kazi. Ulichobadilisha ni kuweka `fortune | cowsay` kwenye .bashrc ya seva. Bash inalisoma faili hilo hata rsync na sftp zinapoingia, kwahiyo ng'ombe anaongea katikati ya mazungumzo ya mashine mbili na zote mbili zinachanganyikiwa. Jipime kwa `ssh seva true`, isitoke herufi hata moja. Ikitoka, mfungie ng'ombe hivi:

`case $- in *i*) fortune -s | cowsay ;; esac`

Hapo ataongea tu kukiwa na mtu wa kweli anayeandika.

Kama ni teminali inachelewa kufunguka, tafuta `curl wttr.in` humo, mtandao ukiwa mbovu kila dirisha jipya linasubiri hali ya hewa. Iondoe, au mpe kikomo `curl -m 2`.

Na ukihariri .bashrc ya seva acha dirisha moja la SSH likiwa wazi mpaka ujaribu kuingia kwa jingine. Mtu akiweka `exec cmatrix` humo atakuwa anaingia kwenye mvua na akitoka kwenye mvua anatolewa nje ya seva, hapo bila akaunti nyingine ni kumwomba admini.

Mwisho kuna hii ya ng'ombe kutokea bila kualikwa: unaendesha Ansible (zana ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja), na kila hatua ya kazi inatangazwa na ng'ombe. Sio virusi. Ansible ikikuta cowsay imeinstoliwa inaitumia yenyewe bila kuuliza. `export ANSIBLE_NOCOWS=1` inawanyamazisha, au weka `nocows = 1` kwenye ansible.cfg. Mimi wangu nimewaacha.